Visu Vyembamba vya Mjimwema na Zile Alama Mbili Mkiani

Vijana wa karakana,

Mliponiaga mwezi uliopita mliniomba niandike ninayoyajua kuhusu kile kisu chembamba cha kukunja, kwa sababu watu wanakuja kuuliza na nyie mnabaki mnatazamana. Nimekaa na daftari wiki tatu. Nimeandika kurasa nikazichana, maana mimi ni mtu wa darasa la saba, na kila nikimaliza sentensi najiuliza kama ndivyo ilivyokuwa au ndivyo ninavyopenda iwe. Kuhusu visu vyenyewe sina wasiwasi, hivyo navijua kwa vidole hata nikifumba macho. Wasiwasi wangu ni watu, nisije nikamnyima mtu chake au nikampa asichostahili. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alipata mshahara gani nayaacha. Hayamsaidii mtu kunoa.

Siku ya kwanza nilifika Mjimwema, hapa Songea, nimevaa shati la kanisani, nikidhani ufundi wa visu ni kazi ya kukaa kitini. Mzee Nyoni, mwenye karakana, alinitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Waitwa nani?"

"Haule."

"Kina Haule wako wengi. Hilo shati livue, Haule. Hapa halifiki saa nne."

Kazi niliyopewa ilikuwa kuondoa meno ya misumeno. Misumeno ya mkanda, ile mirefu ya kupasulia mbao, ikishachoka ililetwa kutoka Madaba imeviringishwa na kufungwa kwa waya. Ukiukata ule waya bila kujipanga, msumeno unafunguka wote kwa mara moja kama una hasira na wewe. Mimi niliukata bila kujipanga. Dada Skola, aliyekuwa anatengeneza mipini, alinipa kitambaa cha kufunga mkono na kuniambia, "Ukivimaliza hivyo vidole utuambie, tukuagizie vingine." Huyo ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote pale ndani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanakosea. Watu wanasema Mzee Nyoni alikaa chini akachora kisu chembamba. Alichora, lakini baadaye. Kabla ya hapo alikuwa anatengeneza visu vya kukunja kwa chuma cha springi za magari, vizito, vya kutoboa mifuko. Springi zikaadimika kwa sababu kila mhunzi wa mji huu alizitaka kwa mapanga na majembe. Mzee akashika alichopata, msumeno wa mkanda, na msumeno wa mkanda ni mwembamba tangu unatoka kiwandani. Ubapa ukawa mwembamba, na mpini mnene ukaonekana kituko juu yake, basi na mpini ukapunguzwa. Karani mmoja alinunua, akakichomeka kwenye mfuko wa shati pembeni ya kalamu. Mzee akaona kwamba mfuko haukulegea. Kuanzia siku ile akaweka kipimo: alitundika shati lake mwenyewe kwenye msumari ukutani, na kila mtindo mpya ulipotoka aliutia mfukoni, akarudi nyuma hatua tatu, akatazama. Mfuko ukivuta, kisu kinarudi kwenye tupa. Mfuko ule ulipochanika mke wake akashona mwingine, na Mzee alilalamika mwaka mzima kwamba mfuko mpya unamdanganya.

Vya mwanzo kabisa vina mpini wa mpingo, ribiti mbili, na havina springi ndani. Vinakaa wazi kwa kubanwa tu na ribiti ya mbele. Ukikiona cha namna hiyo usijaribu kukikaza kwa nyundo, mpingo utapasuka na utanilaumu mimi. Vilivyofuata vina springi mgongoni, ribiti tatu, na kijishimo cha kuingiza ukucha upande mmoja. Kijishimo pande zote mbili kilikuja kwa sababu ya mteja mmoja wa mkono wa kushoto, fundi cherehani, aliyekuja kutusema mpaka Mzee akakubali. Wakulima wa korosho wa Tunduru walitaka ncha iliyoinama kidogo ili watenge korosho na bibo lake bila kulichana. Hicho tulikiita cha Tunduru. Mtunza miche mmoja wa Hanga alitaka tundu mkiani, yaani mwisho wa mpini, la kupitisha kamba akivaa shingoni. Tulimtengenezea vinane, na ninavyojua hakuna vingine vyenye tundu. Vya pembe ya ng'ombe ni vizuri kwa macho, lakini pembe inapinda ikinyeshewa. Mzee hakupenda kusikia hivyo, ila ni kweli.

Halafu kuna vya bluu. Mpingo uliposumbua kupatikana, Dada Skola alichukua bomba la maji la plastiki, akalichemsha, akalilaza kati ya mbao mbili na kulikalia. Namaanisha alilikalia kweli, huku anakunywa chai. Likapoa likiwa bapa. Mzee alisema kisu kile kinafanana na mswaki. Wateja walikipenda. Plastiki ile ni laini kuliko mpingo, kila kitu kinaacha alama juu yake, na hadithi ninayotaka kuwaachia inatoka hapo.

Kisu cha springi kinajaribiwa kabla ya kutoka. Springi ikiwa nzima, ubapa ukiusukuma kupita nusu unaruka wenyewe na kugonga mara moja: tak. Springi ikiwa legevu kuna kugonga kuwili, kwa karibu sana, na kisu cha namna hiyo siku moja kitajifunga juu ya kidole cha mtu. Jicho haliwezi kuona tofauti. Mzee aliamini sikio tu. Karibu na mlango palikuwa na kigoda, na aliyekaa pale alikuwa na kazi ya kukifungua kila kisu karibu na sikio na kusema kinatoka au hakitoki. Kigoda kile kilikuwa cha Issa.

Issa alikuwa Myao wa Tunduru, ananizidi miaka sita hivi, kwa hiyo nilimwita kaka. Mtu wa maneno machache na masihara makavu. Nilipochelewa aliniambia, "Haule, jua limefika kabla yako, nalo linatoka mbali." Alikalia kigoda kile tangu kabla sijaja. Siku za Ijumaa alikwenda msikitini saa sita na kurudi saa nane, na katikati hapo nilikaa mimi, kwa sababu nilikuwa na masikio mazuri na nilipenda kuyasema.

Msimu mmoja mvua zilikuwa nyingi kuliko kawaida na visu vikaanza kurudi. Cha kwanza, cha pili. Cha tatu kililetwa na mwalimu wa shule ya msingi, mama mtu mzima, kidole kimefungwa bandeji. Alikuwa anachonga penseli mbele ya watoto, kisu kikajifunga. Hakupiga kelele. Alikiweka juu ya benchi na kusema, "Nimewaletea chenu," akaondoka. Mzee hakula mchana ule.

Mimi nikaanza kumchunguza Issa. Nilikuwa nimeshaona kwamba ukimwita kwa nyuma hageuki. Siku moja niliangusha tupa kubwa makusudi nyuma yake. Dada Skola aliruka, Issa aliendelea na kazi. Nikaona na jingine. Alikuwa anageukia ukutani, na kila kisu anakipeleka mdomoni. Mkiani mwa vya bluu kulikuwa na vidoa viwili vidogo vilivyobonyea, na Dada Skola alikuwa ameshalalamika kwamba kuna panya anatafuna mipini yake. Nikaunganisha nikapata jibu: Issa hasikii tena, anaficha, na kwa hofu amekuwa mtu wa kutafuna visu vya watu.

Nilimwambia Mzee, tena mbele ya wote. Nilijiambia kwamba haki inataka jambo lisemwe mbele ya mhusika, siyo pembeni. Nimejiuliza miaka yote hii kama ilikuwa haki au nilikuwa nakitaka kile kigoda. Naandika yote mawili kwa sababu sijui ni lipi lilikuwa kubwa.

Mzee alimsogelea Issa, akamsemesha uso kwa uso.

"Issa, unasikia?"

"Nakusikia ukinitazama."

"Na nikikupa mgongo?"

"Hapo sikusikii, Mzee. Mwaka wa pili huu."

"Na ukakaa pale."

"Nikakaa pale."

"Asiyesikia hakai pale, Issa. Na mimi sina kiti kingine." Mzee alilisema hilo kwa sauti ya chini, lakini Issa aliliona midomoni mwake. Wote tulijua maana yake. Watoto watatu wa Issa walikuwa wanasoma hapa mjini, na Tunduru hakuwa na shamba, bado lilikuwa la baba yake.

Issa akafuta mikono. "Kabla hujanifukuza, nipe visu. Na huyu mwenye masikio umpe."

Mzee hakupenda, lakini alikuwa mtu wa kupima. Alichukua visu kumi na viwili, akaenda chumba cha nyuma, akalegeza springi za baadhi yavyo, akavirudisha kwenye ungo vimechanganywa. Alianza na mimi. Nilikaa kigodani kwa raha zangu. Nilikuwa sijafungua cha pili mvua ikamwagika juu ya bati, ile ya Songea ambayo mtu akikusemesha sikioni bado unamwomba arudie. Nilifungua, nikasogeza, nikakunja uso kama mtu anayesikia. Sikusikia kitu. Nilitenga vitatu kwa kubahatisha.

Issa akakaa. Mara hii hakugeukia ukutani. Alikifungua kisu nusu kwanza, akashika mkia wa mpini kwa meno ya mbele, akasukuma ubapa kwa kidole ukaruka kwenda mbele. Akakiweka kulia. Kingine kulia. Kingine kushoto. Mvua inapiga, yeye wala haharakishi. Alipomaliza kushoto palikuwa na vinne.

Mzee akavichukua vile vinne na kuviangalia ndani kimoja kimoja. Akainama mbele ya uso wa Issa. "Ndivyo hivyo vinne. Umefanyaje?"

"Nasikia kwa mfupa. Meno yameshikana na kichwa, Mzee. Hata mvua haiingii huko."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nasikia kwa meno, Haule angenipeleka wapi?"

Dada Skola alicheka peke yake. Kisha akaacha kucheka, akaenda kwenye rafu vilipokaa vile vitatu vilivyorudishwa, akavigeuza kwenye mwanga wa mlango. Vyote vilikuwa vya bluu. Alipitisha kucha mkiani mwa cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Hivi havijang'atwa," akasema.

Mzee akavipokea, naye akapitisha kucha.

"Issa asipokuwepo, nani anakaa pale?"

Hakuna aliyenitazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa. Nilikumbuka Ijumaa zile, bati linavyolia, na mimi nimekunja uso, naweka visu kulia.

"Mimi, Mzee," nikasema.

Nilingoja anifukuze. Nilishaanza kutafuta shati langu kwa macho. Mzee aliweka vile visu vitatu mkononi mwangu, akasema, "Utampelekea yule mama mwalimu kisu kizima, na utamwambia nani alikipitisha cha kwanza. Ukirudi, utakaa sakafuni pembeni ya Issa mpaka aniambie inatosha."

Nilikwenda. Yule mama alinisikiliza akiwa mlangoni na vitabu kwapani. Alisema, "Wewe ndiye wa kwanza kuniletea jina." Akakipokea kisu kwa mkono usio na bandeji, hakunikaribisha ndani, na sikustahili.

Issa alinifundisha wiki sita. Hakunitukana hata siku moja, ila alinicheka kila siku. "Unang'ata kama muhogo wa kuchoma. Shika kama mshonaji anavyoshika sindano." Yafuatayo ni yake, na nyie myashike. Kamwe usianze kisu kikiwa kimefungwa, ncha inakuwa mkiani na mkia uko mdomoni mwako. Kifungue mpaka nusu kwanza. Meno ya mbele, siyo magego. Midomo isiguse mpini. Fumba macho. Kugonga kumoja kunapanda mpaka nyuma ya masikio na kuisha, kuwili kunabaki kwenye taya kama kitu kimekwama. Mpini uoshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla na baada, hilo Dada Skola alilitaka na alikuwa na haki. Mwezi wa Ramadhani Issa alifunika mkia kwa kitambaa kisafi, na ndiyo maana vya mwezi huo alama zake ni hafifu sana.

Baada ya hapo tuling'ata wote wawili kwa miaka, mvua au jua, na sikumbuki kisu kilichorudi kwa kosa lile. Labda kimoja. Nasema labda kwa sababu kilirudi kikiwa kimekanyagwa na trekta na hatukuweza kujua. Issa aliporudi Tunduru kwenye mikorosho ya baba yake nilibaki kigodani mimi, na nyie mlipokuja na mashine yenu ndogo ya kupima springi mliniona mtu mchafu. Mashine ni nzuri. Siku umeme ukikatika mvua ikinyesha, mnajua cha kufanya.

Sasa huyu Mwalimu Anneth, ambaye ndiye chanzo cha daftari hili. Ni mgeni hapa, amehamishiwa sekondari kutoka Dodoma, na anakusanya visu vyetu. Amevipanga kwenye maboksi ya chaki, kila kimoja na karatasi yake: mpingo ribiti mbili, pembe, cha Tunduru, cha tundu. Kazi safi, nilijisikia aibu kwamba sisi hatukuwahi kuifanya. Wakusanyaji kama yeye wako wengi kwenye simu zao, Mbinga, Njombe, mpaka Dar, wanaonyeshana picha. Kinachotafutwa kuliko vyote ni cha bluu chenye vidoa viwili mkiani. Amekiandikia: "Alama ya siri ya Mzee Nyoni. Aliiweka kwenye kazi ya mikono yake tu."

Nilimwambia, "Mwalimu, hayo ni meno."

"Meno ya nani, babu?"

"Ya Issa."

"Mtoto wa Mzee Nyoni mwenyewe ndiye aliyeniambia ni alama ya baba yake. Nimwambie nini?"

"Umwambie wakati ule yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mzee alibuni wembamba, Skola alibuni bluu, Issa alibuni kusikia. Mzee hana haja ya kuazima cha mtu."

Alinisikiliza, lakini nilimwona anasita. Atavionyesha visu vile mbele ya wazazi mwisho wa muhula, na akiandika kitu kitabaki kimeandikwa. Akauliza kama kuna mtu mwingine wa kuthibitisha. Nikampa namba ya Issa. Simu haisaidii, masikio yameshakwisha kabisa, lakini ujumbe anasoma. Mwalimu akapiga picha za vya bluu vyake vyote kumi na vitatu, mkia tu, akamtumia. Nami nikaongeza salamu zangu.

Jibu lilikuja kesho yake baada ya swala ya alasiri. Mwalimu alinisomea, halafu akanipa simu nisome mwenyewe, nami nalinakili hapa lilivyo:

"Waalaikum salaam mwalimu, na Haule pia namsalimu. Nimeziangalia. Kumi na moja ni meno yangu. Picha ya nne na ya tisa si yangu, usiniandikie. Mimi nilishika kidogo tu. Hizo mbili zimeng'atwa sana, ni za mtu anayeogopa kukosea tena. Andika Haule."

Mwalimu akachukua kalamu, akanitazama. "Niandike hivyo, babu?"

Nilimwomba visu vya picha ya nne na ya tisa, nikapitisha kucha mkiani. Vidoa vilikuwa vimezama, vya kuume na vya kushoto sawasawa, kama vya mtu aliyekuwa ameshikilia kitu asianguke.

"Andika," nikasema. "Lakini anza na jina lake."